Maswali ya Wasomaji: Kuteleza kwa Sleji Katika Milima ya Alps

Barua zinazouliza habari za sleji zimekuwa zikitufikia tangu Oktoba, nyingi kutoka Tanga mjini, Muheza na Lushoto. Waandishi wake wamealikwa na ndugu, wachumba au vyuo vya Uswisi na Austria, na safari zao ziko kati ya Desemba na Machi. Tumejibu kwa urefu pale ambapo kosa huvunja mguu, na kwa ufupi kwingineko.

Asalaam aleikum. Dada yangu ameolewa Austria, karibu na Innsbruck. Nitamtembelea Januari, na ameniambia tutapanda mlimani tuteremke kwa sleji. Nimeona picha: watu wazima wamekalia kigari cha mbao wanashuka mlima mzima. Huu si mchezo wa watoto? Na kikishika kasi nitakisimamishaje?
*Msomaji wa Chumbageni, Tanga*

Waaleikum salaam, dada yetu. Tuanze na hilo la mwisho, kwa sababu sleji haina breki. Breki ni nyayo zako.

Kwanza kijue chombo. Sleji ni kiti kilichowekwa juu ya reli mbili za mbao zilizopinda mbele kama pembe, na chini ya kila reli umepigwa ukanda wa chuma. Utakuta aina mbili. Ya kwanza ni ya Davos, mji wa Uswisi: imekazwa kote, haichezi, na kiti chake ni vipande vya mbao. Ya pili ni rodeli ya Austria, ambayo kiti chake ni mikanda au turubai. Maungio yake yameachiwa nafasi ya kucheza kidogo, na reli zimeinamishwa ili ukingo wa ndani tu ndio uume theluji. Kwa kona, rodeli ni bora. Sahani na mabeseni ya plastiki waachie watoto kwenye kijilima kifupi kinachoishia uwanda. Hayana ukingo wa kuuma, na kwenye barafu huzunguka yanavyotaka.

Kaa nyuma kidogo ya katikati, uso na miguu mbele, miguu ikiwa nje ya reli na magoti yamekunjwa kiasi. Ukikaa mbele mno, pembe za sleji huchimba theluji. Ukikaa nyuma mno, haigeuki. Kamba ishike fupi mkononi. Ikiachwa iburute huingia chini ya reli, na hapo sleji husimama ghafla, wewe ukaendelea na safari.

Kupunguza mwendo, laza nyayo zote mbili juu ya theluji kando ya reli, kisha kandamiza polepole. Soli nzima, si kisigino. Kisigino hurusha theluji usoni mpaka usione njia, na kikinasa kwenye shimo goti husokotwa. Mguu usiwe kamwe mbele ya sleji, maana ukikanyagwa na reli, uzito wako wote uko juu yake. Ukitaka kusimama papo hapo, kandamiza nyayo zote mbili, egemea nyuma na uvute pembe za mbele kuelekea kifuani. Pua huinuka, mikia ya reli huzama, na theluji inakuwa ukuta. Hilo likishindikana, jiangushe kwa ubavu upande wa mlima, usiwe upande wa bondeni, na ufanye hivyo mapema kabla mwendo haujawa mkali.

Kugeuka kushoto kwa rodeli kuna vitendo vitatu vinavyofanywa pamoja: vuta kamba upande wa kushoto, sukuma pembe ya reli ya kulia kuelekea ndani kwa mguu wa kulia, na uhamishie uzito wa mwili kushoto. Kwa sleji ya Davos, isiyopindika, gusisha mguu wa kushoto kwenye theluji huku ukiegemea upande huohuo. Kulia ni kinyume chake. Wageni wengi kosa lao si la mikono, ni la kuchagua wakati: hufunga breki wakiwa tayari ndani ya kona, nyayo zikishughulika na kusimama, na usukani ukakosa miguu. Breki hufungwa kabla ya kona. Ndani ya kona ni kugeuka tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa unapita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Mkikaa wawili juu ya sleji moja mnakuwa wazito, mnashika kasi upesi, na anayefunga breki anazuia miili miwili kwa jozi moja ya viatu. Kwa hiyo siku ya kwanza kaa peke yako. Tafuta mteremko mpole wa mita 30, shuka ukisimama kila mita 10, mara sita au saba, mpaka nyayo zizoee. Halafu ndipo uende kwenye njia yenyewe.

Kuhusu watoto: sleji ilikuwa chombo cha kazi, cha kushushia nyasi kavu na kuni kutoka milimani. Mwaka 1883 yalifanyika mashindano ya kimataifa kwenye barabara ya kutoka Davos kwenda Klosters, kilomita 4, na wawili wakafika kwa muda uleule wa dakika 9 na sekunde 15: Peter Minsch, tarishi wa posta wa Klosters, na Georg Robertson, mwanafunzi kutoka Australia. Ni mchezo wa watu wazima tangu zamani, na watoto nao wana sehemu yao ndani yake.

Navaa baibui na hijabu. Nitatelezaje bila kujidhalilisha wala kujiumiza? Pia, je, makoti ya theluji yaliyomo kwenye mitumba yanafaa, au ninunue mapya hukohuko?
*Mama wa watoto wawili, Ngamiani*

Mama, stara na usalama havigombani hapa, kwani kila mtu kule hujifunika kuanzia utosini hadi vidoleni. Baibui ndilo lisilofaa juu ya sleji. Nguo inayofika kifundoni huingia chini ya reli, au hujaa theluji, ikayeyuka na kuganda tena kama ubao. Vaa suruali pana isiyopitisha maji, na juu yake koti linalofika magotini lenye mpasuo wa pembeni ili magoti yakunjike. Hijabu iwe ile ya kuvuta kichwani, isiyo na pini, na ncha zake ziingie ndani ya kola. Pini chini ya helmeti hutoboa ukianguka, na mtandio unaopepea hunasa kwenye sleji ya mwenzako. Skafu ndefu za shingoni zina hatari hiyohiyo.

Mitumba inafaa sana. Tunasikitika kuona makoti mazuri ya theluji yakiuzwa kwa bei ya koti la mvua kwa sababu mnunuzi hajui anachoshika. Lichunguze hivi. Ligeuze ndani nje: mishono iwe imebandikwa utepe mwembamba, na utepe usiwe umebambuka. Mwagia kijiko cha maji begani. Yakisimama kama matone juu ya jani la mgomba, chukua, yakinywewa, rudisha. Vuta zipu mara tano. Kiunoni kwa ndani utaona kisketi kifupi chenye lastiki na vifungo, na mafundi wengine hukikata wakidhani ni bitana iliyochakaa. Kisikatwe, ndicho kinachozuia theluji kupanda mgongoni unapoanguka.

Chini ya koti vaa tabaka mbili: fulana ya sufu au poliesta iliyobana, kisha sweta nene. Fulana ya pamba, tunayoipenda huku pwani, ni adui kule. Hunywa jasho, hukaa na unyevu, na ukisimama kungoja gari la kebo inakugeuka barafu mgongoni. Soksi jozi moja nene ya sufu inatosha. Jozi mbili ndani ya kiatu kilekile hubana, damu haifiki vidoleni, na miguu hupoa zaidi. Viatu viwe vya kufunika kifundo, soli ngumu yenye meno marefu, kwa kuwa ndivyo breki. Raba hulowa, na buti la mvua huteleza. Kwenye njia yenye barafu watu hufunga meno ya chuma chini ya viatu, na maduka ya kukodisha sleji huwa nayo mara nyingi. Uliza.

Helmeti ya bodaboda iache nyumbani. Ni nzito kwa shingo, kioo chake hujaa ukungu wa pumzi, na huwezi kusikia anayepiga kelele nyuma yako. Kodi helmeti ya kuskii pamoja na miwani yake. Kipimajoto kikisoma nyuzi 10 chini ya sifuri, ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa ngozi huhisi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, na macho yasiyofunikwa hutoa machozi mpaka usione.

Usisahau krimu ya jua. Ndiyo, hata kwa ngozi zetu. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na makali ya jua huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Midomo ndiyo huanza kupasuka.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, baridi naijua. Nitakuwa Zürich kwa masomo mafupi Februari. Niende wapi, na njia ipi isiyoniaibisha?
*Mwalimu, Lushoto*

Mwalimu, tunakupeleka Bergün, katika jimbo la Graubünden hukohuko Uswisi, na kwa sababu maalumu: kijiji hicho kiko karibu mita 1,370 juu ya bahari, kimo kisichopishana sana na cha mji wako. Tofauti ni kwamba Lushoto iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na Bergün nyuzi 46 na ushei kaskazini, ambako jua la Januari hupita chini chini ya mbingu.

Njia huanza Preda, karibu mita 1,790, na kuteremka kilomita 6 hadi Bergün. Ni barabara ya magari ya kupita mlima Albula, ambayo majira ya baridi hufungwa na kuachiwa sleji. Ifikirie barabara ya Mombo hadi Lushoto, na kona zake zote, imefungwa kwa miezi mitatu na kufunikwa theluji iliyoshindiliwa, huna gari, umekalia mbao. Kwa wastani unashuka mita 1 kila mita 14, mteremko wa kumfaa anayeanza. Ukifika chini unapanda treni ya reli ya Albula inayokurudisha Preda ikizunguka ndani ya mahandaki, na reli hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Siku kadhaa za juma njia huwashwa taa usiku. Uliza ratiba kabla ya kwenda.

Ukishapata mkono, kuna Wildkogel huko Bramberg, Austria: kilomita 14, ukishuka mita 1,300 hivi, nayo ina taa. Uswisi, njia ya kutoka mlima Faulhorn hadi kijiji cha Grindelwald ni kilomita 15 na huanzia mita 2,681, lakini kufika juu kunataka mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu ukivuta sleji. Siyo ya juma la kwanza.

Ni saa ngapi nzuri ya kuteleza? Nimesikia theluji ya asubuhi si sawa na ya mchana.
*Msomaji wa Raskazone*

Umesikia kweli. Usiku mashine husawazisha njia, na unyevu wa jana huganda. Asubuhi mapema njia ni ngumu, ya kasi, na nyayo hazishiki vizuri. Kati ya saa nne na saa saba mchana, siku yenye jua, juu hulainika kidogo na breki hushika. Huo ndio wakati wa mgeni. Alasiri theluji hulowa, hunata chini ya reli na kuchimbika mashimo kwenye kona. Jua likizama, mashimo hayohayo huganda na kuwa mawe. Kukiwa na baridi kali sana, kama nyuzi 20 chini ya sifuri, chembe za theluji hukwaruza kama mchanga na sleji huwa nzito.

Mteremko wa mwisho uwe kabla ya saa ya kufunga. Baada ya hapo mashine hurudi, nyingine zikivutwa kwa waya wa chuma uliotandazwa mlimani, ambao gizani hauonekani na huweza kuua. Tafadhali sana, ubao ukisema njia imefungwa, imefungwa. Huenda sababu ni maporomoko ya theluji, ambayo hatari yake hutangazwa kila siku kwa ngazi 1 hadi 5, na nyayo za watu waliopita mbele yako si ushahidi kwamba wamefika salama.

Unapopanda kwa miguu, tembea pembezoni, mmoja nyuma ya mwingine, na kwenye kona shika upande wa ndani. Sleji iliyoshindwa kugeuka hutupwa upande wa nje.

Je, mtu hawezi kuteleza kwa sleji Kilimanjaro, aokoe nauli ya Ulaya?
*Msomaji wa Korogwe*

Hapana, kaka. Mchezo huu unahitaji njia ndefu iliyoshindiliwa, yenye mteremko mpole, na kituo cha uokoaji karibu. Kibo kina mawe, majivu ya volkano na barafu yenye kuta wima, na kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina takribani nusu ya oksijeni unayoipata Korogwe.

Nimeambiwa kule juu watu hunywa mvinyo wa moto ili wapate joto. Sisi Waislamu tutafanyaje? Na vidole vikifa ganzi?
*Kijana wa Pangani*

Mwanangu, pombe haipashi mwili joto. Hupanua mishipa ya ngozini, mtu akajisikia moto huku joto la ndani likitoka. Kunywa chai, au chokoleti ya moto. Kwenye vibanda vya mlimani soma orodha kwa makini: supu ya shayiri ya Graubünden mara nyingi huwekwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na Kaiserschmarrn, chapati nene inayokatwakatwa na kunyunyiziwa sukari, pengine huwa na zabibu zilizolowekwa kwenye ramu. Muulize mhudumu kabla hajaandika. Viazi, mayai na jibini hupatikana karibu kila kibanda.

Ganzi ya vidole isichukuliwe kama kazi ya kawaida ya baridi. Kwenye ngozi nyeusi weupe hauonekani upesi, kwa hiyo usingoje rangi. Ukiona ngozi imekuwa ya kijivu au kama nta, ngumu, haihisi mguso, ingia ndani. Weka vidole kwapani, au kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39. Usisugue, na usisugue kwa theluji hata ukiambiwa na mwenyeji, kwani chembe zake hukata nyama iliyoganda. Usivikaribishe kwenye moto pia, havihisi, vitaungua. Kama bado mtalazimika kutembea kwenye baridi, msiviyeyushe mpaka mfike, maana kuganda mara ya pili hudhuru zaidi.

Hifadhi namba hizi kwenye simu: 112 kote Ulaya, 140 kwa waokoaji wa milimani Austria, na 1414 kwa uokoaji wa angani Uswisi. Pasipo mtandao, toa ishara sita kwa dakika moja, kwa tochi, filimbi au sauti, pumzika dakika moja, rudia. Ukijibiwa ishara tatu kwa dakika, umesikika.

Na bima. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Uswisi na Austria, hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini kadi nyingi za bei rahisi hazilipii michezo ya theluji wala helikopta. Lisome sharti hilo kabla ya kulipa. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15.

Mimi ni fundi seremala. Mteja wangu Mjerumani anataka nimtengenezee sleji apeleke kwao. Nianzie wapi?
*Fundi, Muheza*

Fundi, kazi iko kwenye reli. Mengine ni kiti tu. Kwa mtu mzima mmoja, urefu wa sleji ya Davos ni sentimita 100 hadi 110, upana kati ya reli kama 35, na kiti kiwe chini, kama sentimita 25 kutoka ardhini. Kikipanda zaidi, sleji hupinduka kwenye kona.

Reli hupindwa kwa mvuke, hazikatwi kwa msumeno kufuata umbo. Ukikata, nyuzi za mti hukatika kwenye pembe, na pembe ndiyo inayopigwa na kila tuta. Chagua ubao wenye nyuzi zilizonyooka, usio na fundo hata moja, uliokaushwa kwa hewa. Uliokaushwa kwenye tanuri hupasuka ukipindwa. Kanuni ya mafundi ni saa moja ya mvuke kwa kila milimita 25 za unene, kisha una sekunde chache tu za kuupinda kwenye kalibu kabla haujapoa. Uache umebanwa siku kadhaa, na pinda ubao mmoja zaidi ya unaohitaji. Mtiki wa msitu wa Longuza ulio jirani nawe tungeuweka kwenye kiti, ambako mafuta yake huzuia maji, na tungefunga kwa bolti badala ya gundi, kwa sababu mafuta hayohayo hukataa gundi.

Ukanda wa chuma uanze juu ya pembe na uishie mwisho wa mkia. Vichwa vya skrubu vizamishwe mpaka ukipitisha kidole usivihisi. Kichwa kimoja kikichomoza, reli moja huburuta na sleji huvuta upande huo safari nzima.

Mpe mteja na maelezo ya utunzaji. Kutu iondolewe kwa msasa laini kwa kusugua kutoka mbele kwenda nyuma tu, kisha chuma kipakwe nta ya mshumaa na kung'arishwa kwa kitambaa. Baada ya kila siku sleji ifutwe, isimamishwe mahali pakavu, isilale juu ya reli. Na kwa hewa ya chumvi ya huku kwetu, paka chuma nta siku ileile unayomaliza kazi, usingoje siku ya kuifunga kwenye boksi.